AFYA YETU: Macho ya Mtoto Yakiwa ya Njano, Apimwe Damu

Ndugu msomaji wa Mollo na wa Ufipa nzima, mtazame mtoto wako machoni asubuhi, nje kwenye mwanga. Je, sehemu nyeupe ya jicho imekuwa ya njano? Je, mkojo wake ni mweusi kama chai ya rangi? Je, anakataa ugali, anatapika na kulalamika tumbo? Basi huenda ini lake linaumwa.

Ini husafisha damu na kutengeneza nyongo. Likiumwa, rangi ya njano hubaki katika damu. Rangi hiyo ndiyo unayoiona machoni.

Wengine husema, "Hii ni homa ya manjano." Sivyo. Homa ya manjano ni ugonjwa mwingine, unaoletwa na mbu. Ugonjwa tunaousema leo ni homa ya ini. Huletwa na virusi, yaani vijidudu vidogo sana visivyoonekana kwa macho.

Lakini kumbuka: macho ya njano ni dalili tu. Siyo jina la ugonjwa. Malaria kali huweza kuyaleta. Selimundu pia. Kwa kutazama tu, hata daktari hawezi kujua. Lazima damu ipimwe.

Kwanza mpeleke mtoto zahanati. Atachomwa kidole na kupimwa malaria. Usiseme, "Kwetu Mollo ni baridi, hakuna malaria." Labda mtoto alikwenda bonde la Rukwa, ambako kuna mbu wengi. Malaria haingoji. Hutibiwa siku hiyo hiyo.

Kama siyo malaria, mganga anaweza kukupa barua ya kwenda hospitali ya Sumbawanga mjini. Huko atachukuliwa damu mkononi. Usiogope kwamba damu yake itakwisha. Inayochukuliwa ni kama kijiko kimoja cha chai, au chini ya hapo.

Je, damu inaonyesha nini? Virusi vikiingia, mwili huita askari wake. Wako askari wa mwanzo, ambao huonekana ugonjwa ukiwa mpya. Wako na askari wa baadaye, ambao hubaki miaka mingi. Mpimaji akiwaona askari wa mwanzo, anajua kwamba ugonjwa ni wa sasa. Tena kila kirusi kina askari wake. Hivyo jina la kirusi hujulikana.

Jina hilo lina faida gani? Linakuambia la kufanya nyumbani.

Kikiwa kirusi A, kimetoka katika kinyesi, kwa njia ya maji, chakula au mikono michafu. Karibu watoto wote hupona. Mtoto apumzike, anywe maji, ale kidogo kidogo. Asiende shule wiki moja tangu macho yalipogeuka. Wewe chemsha maji ya kunywa, tumia choo, nawa mikono kwa sabuni.

Kikiwa kirusi B, kimetoka katika damu, mara nyingi ya mama wakati wa kuzaa. Hapa pana hatari iliyojificha. Kati ya watoto wachanga 10 wanaokipata, kama 9 hubaki nacho kwa miaka mingi. Mtoto anacheza, anakula, macho ni meupe. Kumbe ini linaharibika polepole. Kwa hiyo mrudishe baada ya miezi 6 apimwe tena, hata akiwa mzima. Na mama, baba na ndugu zake wapimwe pia.

Chanjo ya kirusi B ipo. Tanzania ilianza kuwapa watoto wote mwaka 2002. Hutolewa mtoto akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Tazama kadi ya kliniki. Kama amekosa, mpeleke.

Usimpe mtoto huyu miti shamba wala vidonge vya dukani kabla ya kumwuliza mganga. Ini ndilo linalochuja dawa. Likiwa gonjwa, dawa huweza kuliumiza zaidi.

Akilala usingizi usio wa kawaida, akichanganyikiwa, au akitoka damu puani au kwenye fizi, usingoje asubuhi. Mkimbize hospitali usiku huo huo. Na mtoto mchanga aliyegeuka njano siku ya kwanza ya kuzaliwa, naye apelekwe siku hiyo hiyo.

Ukifika, mwambie mganga mambo manne: macho yaligeuka lini, mkojo una rangi gani, amekwisha kunywa dawa gani, nani mwingine nyumbani anaumwa. Usifiche dawa uliyompa. Hakuna atakayekucheka.

Ndugu msomaji, wewe unajua kusoma. Msomee na jirani yako habari hii.