Mgeni Anayekuja Kuiona Nyumba



Msomaji wetu mmoja wa Kisauni anauza nyumba, na kila baada ya siku mbili tatu dalali humbishia hodi akiwa na watu wa kuiangalia. Watoto hawasomi, mkewe hapumziki, na wageni huingia wakatoka bila ya neno la maana. Anatuuliza: aitengeneze vipi nyumba yake hata anayekuja kuiona aipende?

Jambo la kwanza ni kumhesabu mnunuzi kuwa ni mgeni. Mgeni ana haki zake, na wenye nyumba wana zao. Dalali na aambiwe mapema kuwa haji bila ya kupiga simu, haji wakati wa swala, wala haleti kundi la watu. Wakati mwema ni baada ya Alasiri: jua limepungua makali, mwanga bado upo, na kazi za jikoni zimekwisha. Aliyeko Likoni akumbuke kuwa mgeni atokaye kisiwani huenda akazuiliwa na foleni ya feri. Asinuniwe kwa kuchelewa nusu saa.

Jambo la pili ni sitara. Nyumba zetu za asili zilijengwa kwa kuilinda: baraza ni ya wapita njia, ukumbi ni wa wanaokaribishwa, vyumba vya ndani na uwani ni vya wenyewe. Mnunuzi hana budi kuviona vyote, na hapo ndipo wengi hutahayari. Dawa yake ni mpango. Watoto wapelekwe kwa jirani kwa muda huo. Mgeni atembezwe na mtu mmoja tu, na akija na mkewe, mama wa nyumba amtembeze mke. Nguo, dawa, picha za familia na karatasi za benki ziwekwe kabatini, kabati lifungwe. Mtu anayekutana na siri za watu huona haya, akaharakisha kutoka kabla hajaiona nyumba.

Kisha ni hewa na nafasi. Madirisha yafunguliwe saa nzima kabla ya mgeni kufika, kwani nyumba ya pwani ikifungwa hunuka unyevu. Udi mchache unatosha. Chetezo kikifuka moshi nyumba nzima, mgeni hujiuliza ni harufu gani inayofichwa. Vitu visivyotumika viondolewe ukumbini ili ukubwa wake uonekane. Akaribishwe kiti karibu na feni, apewe maji baridi au kahawa, na wala asifuatwe kwa maneno mengi. Mke na mume wapewe dakika chache peke yao uwani wanong'one. Wengi huamua hapo.

Katika mitaa yetu, swali la mapema ni maji. Kisima ni cha maji ya chumvi au matamu? Mfereji hutoka siku zipi? Shimo la choo liko umbali gani na kisima? Majibu yawe tayari, na bora zaidi ni kuyateka maji yenyewe, mgeni akayaonja.

Hayo yote ni mapambo mema. Lakini yapo mapambo mengine, nasi tuliyajua kwa kuyafanya.

Mama yetu alipofariki, sisi ndugu tuliafikiana kuiuza nyumba yake ya Mtongwe ili kila mrithi apate fungu lake. Chumba cha nyuma kilikuwa na ukuta uliolowa kila masika, chumvi imeila plasta mpaka inapukutika. Tukaukwangua, tukaupaka rangi nyeupe mara mbili, tukaweka kabati mbele yake.

Siku ile walikuja kijana mwalimu wa madrasa na mkewe mja mzito. Mke akauliza chumba gani kingemfaa mtoto. Mmoja wetu akamwonyesha kile cha nyuma, maana ndicho kikubwa na ndicho kinachoingia upepo. Shangazi yetu, aliyekuwa ameketi ukumbini na tasbihi yake, akasema, "Mwanangu, usimlaze mtoto humo. Ukuta huo hunywa maji masika yote." Kisha akatugeukia sisi: "Ondoeni kabati, aone."

Tuliliondoa. Kijana akaupapasa ukuta, akasema, "Ahsante, mama," wakaenda zao. Tulidhani tumewapoteza. Juma la pili akarudi na fundi, fundi akapima kazi, na bei ikapunguzwa kwa kiasi cha gharama ya ukuta ule. Ndugu yetu mmoja hakuridhika, na hata leo hulitaja jambo hilo. Lakini sote twapita mtaa ule bila ya kuinamisha nyuso, na mtoto hakulazwa penye ukungu.

Twakijua kisa cha Mtume (S.A.W.) sokoni, alipotia mkono ndani ya rundo la nafaka, vidole vyake vikatoka na unyevu. Alimkanya muuzaji kwa kutoiweka juu ile iliyorowa, watu wakaiona. Ukuta wetu ulikuwa rundo lile lile. Fiqhi nayo humpa mnunuzi khiyari ya kukirudisha kitu kwa kasoro iliyofichwa. Basi kuficha hakuufungi uuzaji, huuacha na mlango wazi wa ugomvi.

La mwisho ni ardhi. Mombasa ina nyumba nyingi zinazoitwa nyumba bila ardhi: kuta ni za mwenye nyumba, kiwanja ni cha mwengine anayelipwa kodi. Nyumba ikiwa ni ya namna hiyo, mnunuzi aambiwe kwa simu kabla hajalipa nauli ya kuja. Ikiwa ina hati, apewe nambari ya kiwanja akaichunguze mwenyewe katika ofisi ya ardhi. Hati yenyewe asikabidhiwe dalali. Ikiwa ni ya mirathi, warithi wote waafikiane kwanza, na penye mzozo Mahakama ya Kadhi ipo. Haifai mgeni akaribishwe ukumbini na ndugu mmoja, kisha afukuzwe barazani na mwengine.

Basi ndugu yetu wa Kisauni, fagia, fungua madirisha, pika kahawa. Na kama upo ukuta uliousogezea kabati, lisogeze kando kabla ya hodi ijayo.

Mwenyezi Mungu atubarikie tunachouza na tunachonunua. Amin.