Kabati la Vitabu na Likizo ya Desemba

Kila ufikapo mwanzo wa Desemba, walimu wa shule za sekondari za Uganda hufanya mambo mawili kwa siku moja. La kwanza ni kuwahutubia wanafunzi juu ya faida ya kusoma vitabu wakati wa likizo. La pili ni kuvikusanya vitabu vyote, kuvihesabu, kuvifungia kabatini, na kuukabidhi ufunguo kwa mwalimu mkuu. Mimi mwenyewe nimeyafanya yote mawili kwa miaka mingi, wala sikuona haya.

Nawaandikia hasa walimu wenzangu wa Mbarara na wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, maana huko ndiko desturi hii inakoumiza zaidi. Nakivale imekuwa ikipokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, walipokuja Wanyarwanda wa kwanza. Leo wamo Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengineo, jumla yao zaidi ya laki moja. Kijana wa Kivu na kijana wa Bujumbura wakikutana bombani husemezana kwa Kiswahili. Sokoni ni hicho hicho. Walakini darasani husoma kwa Kiingereza, na Kiswahili kina vipindi vichache tu. Basi hutokea kijana akafika umri wa miaka kumi na saba, naye ameisema lugha hii tangu utotoni, lakini hajapata kusoma hadithi yake moja ndefu mpaka mwisho. Angeisoma lini? Muhula ukiwapo, vitabu vipo na nafasi haipo, maana mtihani humfukuza. Likizo ikifika, nafasi hupatikana na vitabu havipo.

Wapo wasemao kwamba vijana wa siku hizi ni wavivu wa kusoma. Hupenda simu, na mpira katika vibanda vya video vya mjini Mbarara. Sikatai kwamba vibanda hujaa. Lakini kibanda kiko wazi, na kabati limefungwa! Tumekwisha kumwekea kijana kufuli, kisha twamlaumu kwa kutoingia. Wengine hujibu kwamba vitabu vimo katika hizo hizo simu. Huko Nakivale simu moja aghalabu ni ya nyumba nzima, na fedha ya kununulia intaneti ni fedha ya sabuni. Tuliache hilo.

Tukumbuke likizo ile iliyokuwa kubwa kuliko zote. Mwezi wa Machi 2020 shule za Uganda zilifungwa kwa sababu ya korona, na isipokuwa vipindi vichache vya madarasa machache, hazikufunguliwa kwa wote mpaka tarehe 10 Januari 2022. Karibu miaka miwili! Serikali ilitoa masomo kwa redio na kwa karatasi zilizochapishwa. Sisi je? Ni wangapi miongoni mwetu waliokwenda shuleni, wakalifungua kabati, wakawagawia watoto wa jirani vile vitabu vya hadithi vilivyokuwa vikiliwa na mchwa? Swali hili najiuliza mwenyewe kwanza, na jibu langu halinipendezi.

Hoja kubwa ya wapinzani wangu ni upotevu. Vitabu vikitolewa, husema, havitarudi vyote. Ni kweli, havitarudi vyote. Kimoja kitanyeshewa na mvua, kingine kitafungiwa karanga, na kijana mwingine atahamishwa na wazazi wake pamoja na kitabu mkononi. Lakini chaki huisha kila muhula, wala hakuna mkaguzi aulizaye ilikwenda wapi, kwa kuwa yajulikana kwamba chaki ni kitu cha kutumika. Kitabu nacho ni cha kutumika. Kitabu kilichokaa kabatini miaka kumi hali hakijafunguliwa kimepotea tangu siku ya kwanza, ila tu kwenye hesabu yetu kimeandikwa kwamba kipo.

Badala ya kitabu, sisi humpa kijana kazi ya likizo: karatasi kumi za maswali ya ngeli na methali, azijaze na kuzirudisha. Kazi hiyo hunakiliwa kutoka kwa rafiki usiku wa mwisho, nasi twajua. Kusoma kunakodumu huanza kwa kuchagua. Mwaka 2010 Richard Allington, Anne McGill-Franzen na wenzao walitangaza utafiti wao wa Marekani: watoto wa shule za msingi wa familia maskini walipewa vitabu 12 kila likizo kubwa, walivyojichagulia wenyewe, kwa miaka 3 mfululizo, nao wakawapita katika kusoma wenzao wasiopewa. Wale walikuwa wadogo kuliko vijana wetu, lakini sioni kwa nini kijana mkubwa asipewe heshima hiyo ya kuchagua.

Na vya kuchagua tunavyo. Anayependa upelelezi ampate Bwana Msa na kiko chake katika Mzimu wa Watu wa Kale wa Muhammed Said Abdulla, kilichochapwa mwaka 1960. Na sijui kitabu kinachomfaa kijana wa Nakivale kuliko Siku Njema cha Ken Walibora, cha mwaka 1996: kijana Kongowea anatoka Tanga, anavuka mpaka na kuingia Kenya kumtafuta baba yake. Je, ni vijana wangapi wa Juru na Rubondo wanaoijua safari ya namna hiyo bila ya kusimuliwa?

Kuna jambo jingine ambalo sisi wa Mbarara hatulisemi. Kijana wa Kivu akija akasema, “Mwalimu, tupatie bitabu,” sisi humcheka, tukamsahihisha mbele ya wenzake mpaka akanyamaza. Alichoomba ni kile kile ambacho kingemfundisha vitabu pasipo kumwaibisha. Mwezi wa Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda lilikubali kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Walimu watatafutwa, na hawa wanaochekwa wangeweza kuwa miongoni mwao.

Nimeambiwa pia kwamba kuzungumzia vitabu mahali ambapo posho ya chakula imekuwa ikipunguzwa, hasa tangu mwaka 2023, ni anasa. Mwenye njaa hashibi hadithi, nami sisemi ashibe. Lakini kijana huyo, baada ya kuvuna maharage na kuchota maji, bado ana jioni yake, na hiyo jioni hatuna haki ya kumnyang’anya kwa kisingizio cha kumhurumia.

Kwa hiyo naomba hivi. Siku ya mwisho ya muhula wa tatu, kabati lifunguliwe kabla ya hotuba. Kila mwanafunzi achukue vitabu viwili apendavyo, jina lake liandikwe katika daftari la kawaida, na katika kila kijiji cha makazi ateuliwe mtu mmoja, mwenye duka au mzee wa msikiti au wa kanisa, ambaye kwake vijana watabadilishana. Shule za Mbarara zenye nakala za ziada zizifunge kwa kamba na kuzipeleka Nakivale kabla ya Krismasi. Daftari langu nimekwisha kulipigia mistari: jina, kitabu, tarehe ya kuchukua. Safu ya tarehe ya kurudisha nimeifanya nyembamba.