Kuwambwa kwa Kulabu
Waingereza wakisubiri jambo roho juu husema wako "on tenterhooks", yaani juu ya kulabu, na wengi wanaoutumia msemo huo leo hawajawahi kuiona kulabu yenyewe. Asili yake ni kazi ya sufu. Kitambaa kikishafumwa kilioshwa na kupondwapondwa ndani ya maji na udongo ili mafuta ya kondoo yatoke, na kikiachwa kikauke hivi hivi hujikunja na kupungua. Basi mafundi walikiwamba, kama sisi tunavyowamba ngozi ya ngoma, kwenye fremu ndefu za mbao zilizosimamishwa uwanjani, kingo zake zimenaswa kwa misumari iliyopinda. Kitambaa kilishinda pale juani na upepo ukikipiga, kimevutwa juu na chini, hakilegei mpaka kikauke. Naupenda msemo huu kwa sababu unasema kweli juu ya kungoja: mama aliyekaa nje ya chumba cha upasuaji haumizwi na kitu kimoja, anavutwa pande zote kwa pamoja. Kufikia 1748, Tobias Smollett alikuwa ameshautia katika riwaya yake, *Roderick Random*. Viwanja vile vimekwisha, ila Spitalfields, London, bado kuna mtaa uitwao Tenter Ground. Neno "tenter", jina la fremu zile, limetokana na Kilatini cha kuvuta na kutandaza, shina lile lile lililowapa Waingereza jina la hema. Kwa hiyo, msomaji wangu, ukiliandika, liandike kwa T katikati. Wanaoandika "tender" wanakosea.