Mzazi, kikague kitabu cha jiometri kabla hujakinunua

Wazazi walioamua kuwasomesha wana wao nyumbani hawana haja ya kuongezewa wasiwasi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013 humtaka mzazi ahakikishe mwanawe amesajiliwa shuleni na anahudhuria masomo, wala haikuutengea usomeshaji wa nyumbani mahali palipo wazi. Majirani nao hawaishi kuuliza kulikoni mtoto wa watu hana sare. Hata hivyo wazazi hao wapo, na wengi wao huyamudu masomo ya miaka ya mwanzo pasi na taabu kubwa, kwani kusoma, kuandika na kuhesabu ni mambo ambayo mtu yeyote aliyepita sekondari aweza kuyafunza akiwa na subira. Mashaka huanza mwana anapofika umri wa miaka 14 au 15, na hapo ndipo jiometri hubisha hodi.

Nimeulizwa zaidi ya mara moja ni mtaala upi wa jiometri umfaao tineja asomeaye nyumbani. Aliyeniuliza karibuni ni mama mmoja mwenye binti wa miaka 15. Alikuwa ameandika majina saba ya vitabu na programu, yote ya Marekani, na swali lake lilikuwa fupi: “Mwalimu, kipi kilicho chepesi?” Kwa maoni yangu, swali hilo limekaa upogo. Wepesi ni jambo la kuangaliwa mwisho kabisa, baada ya mzazi kujua kitabu kinamfanyisha mwanawe kazi gani.

Jiometri haikuingizwa katika elimu ya vijana kwa ajili ya kupima mashamba tu. Wamisri wa kale waliyapima mashamba yao kwa kamba na uzoefu, na mavuno yakapatikana. Jambo walilolitia nguvu Wayunani, na ambalo Euclid alilikusanya mjini Alexandria yapata mwaka wa 300 kabla ya Kristo katika vitabu 13 viitwavyo Elements, ni desturi ya kutolikubali neno lolote mpaka sababu yake itolewe, na sababu ya sababu hiyo, hadi kufikia mambo machache ambayo sote twayakubali tangu mwanzo. Desturi hiyo ndiyo iitwayo uthibitisho, na kitabu kilichoitupa hakina haki ya kujiita cha jiometri, hata kikiwa na picha za rangi kila ukurasa.

Tuchukue mfano ambao kila aliyekalia dawati anaukumbuka: pembe za ndani za pembetatu zikijumlishwa hufanya digrii 180. Mwana aweza kuambiwa hivyo akakariri. Aweza pia kuchora pembetatu, akazipima pembe zake kwa protakta na kuzijumlisha. Mara hii atapata 179, mara nyingine 181, na lawama ataitupia penseli. Au aweza kukata pembetatu ya karatasi, akazirarua ncha zake tatu na kuzipanga bega kwa bega, akaona zimekaa juu ya mstari ulionyooka. Mchezo huu wa karatasi wapendeza, nami ningependa kila mtoto aufanye. Lakini umeonyesha nini? Umeonyesha kwamba pembetatu ile moja ilikaribia. Pembetatu hazina idadi. Ni nani atakayezirarua zote?

Sasa na achore mstari mmoja tu, upitao kwenye kilele cha pembetatu na ulio sambamba na kitako chake. Kwa sababu ya usambamba huo, kila mojawapo ya pembe mbili za kitakoni ina mwenziwe aliye sawa nayo pale juu, mmoja kushoto na mwingine kulia kwa pembe ya kilele. Pembe zote tatu zimekutana kwenye mstari mmoja, na pembe zilizo upande mmoja wa mstari ulionyooka hufanya digrii 180. Imekwisha. Hakuna kilichopimwa wala kukatwa, na pembetatu zote za kwenye bapa, zilizochorwa na zitakazochorwa, zimo. Binti akiuliza ni kwa nini mistari sambamba huzaa pembe zilizo sawa, mzazi asimnyamazishe, kwa maana hapo amegusa msingi wenyewe wa nyumba ya Euclid, ule ambao wataalamu waliutilia shaka kwa karne nyingi.

Kwa mwana asomeaye nyumbani jambo hili lina uzito wa pekee. Mwenziwe wa shuleni ana walimu kadhaa ambao mara nyingine hupingana, na wanafunzi wenziwe wa kubishana nao. Nyumbani, mama ndiye mwalimu, ndiye msahihishaji, ndiye mahakama ya rufaa, na aghalabu ndiye apikaye chajio. Katika historia mwana hana budi kumwamini mama au mwandishi wa kitabu. Katika sarufi ni vivyo hivyo. Jiometri ni uwanja adimu ambapo msichana wa miaka 15 aweza kusema kwa adabu zote, “Mama, hapa sikubaliani nawe, na sababu ni hii,” na mama akalazimika kusalimu amri mbele ya mchoro. Kijana ambaye hajapata kushinda hoja kwa haki mbele ya wazazi wake, nami nimewaona wa aina hiyo, hutoka nyumbani akiwa tayari kumwamini yeyote aliyeshika kipaza sauti. Humu nchini vipaza sauti ni vingi.

Kwa hivyo, mzazi mwenzangu, kabla ya kutoa hela zako, kifungue kitabu kwenye ukurasa ule wa digrii 180. Ikiwa kinaitangaza kanuni ndani ya kisanduku cha rangi, kisha kinafuatiza maswali 30 ya kutafuta pembe isiyojulikana, kirudishe rafuni. Ikiwa kinamwongoza mwanafunzi mpaka kwenye mstari ule sambamba, endelea kukikagua. Nenda kwenye sura ya duara, uone iwapo kinaeleza ni kwa nini pembe iliyo kwenye kitovu ni maradufu ya ile iliyo kwenye mzingo. Halafu tazama mazoezi: je, yapo yanayomtaka mwana aandike hoja kwa sentensi zake mwenyewe? Mwisho, uliza kama kuna kitabu cha majibu chenye hoja kamili, maana mzazi aliyeiacha hisabati miaka 20 iliyopita atakihitaji kuliko mwanawe.

Katika vile nivijuavyo, kitabu cha Harold Jacobs, kilichotoka mara ya kwanza mwaka wa 1974, hupita mtihani huu vizuri. Humfunza kijana kwanza jinsi hoja izaavyo hoja, tena kwa ucheshi. Kile cha Richard Rusczyk cha Art of Problem Solving ni kigumu zaidi, kwani humtupia mwanafunzi tatizo kabla ya maelezo, na sikipendekezi ila kwa mwana ambaye tayari ana uchu wa hisabati. Warusi walikuwa na kitabu cha Kiselev tangu mwaka wa 1892, na tafsiri yake ya Kiingereza ilianza kutoka mwaka wa 2006. Ni kikavu kama mkate wa juzi, lakini hakina neno la bure. Vitabu vya zamani vya John Saxon viliitawanya jiometri ndani ya aljebra, na uthibitisho ukapotelea humo. Masomo ya Khan Academy hupatikana bila malipo na hufaa sana kwa mazoezi, ila programu nyingi za aina hiyo hukagua jibu la mwisho tu. Zipo sasa programu nyingine ambazo humwandikia mtoto uthibitisho mzima kufumba na kufumbua. Dawa yake ni binti kusimama na kuieleza hoja kwa mdomo, daftari likiwa limefunikwa.

Vitabu vingi vya Marekani huupanga uthibitisho katika safu mbili, madai kushoto na sababu kulia. Kwa miezi michache utaratibu huo ni mkongojo mwema. Ukiendelea mwaka mzima, kijana huanza kujaza safu kama ajazaye fomu ya kuomba kitambulisho.

Kuhusu bei, jiometri haichachi. Pembetatu ya mwaka wa 1974 ndiyo ya leo, na toleo kuukuu lililonunuliwa kwa muuza vitabu wa kandokando ya barabara halina upungufu wowote mbele ya toleo jipya lililosafirishwa kwa ndege. Elements yenyewe yapatikana bure mtandaoni. Kitabu chake cha kwanza kina hoja 48 tu, ambapo ya 32 ni hii ya digrii 180 na ya 47 ni ile ya Pythagoras.

Kuna watakaoniambia kwamba mitihani yetu haidai haya, kwa hiyo ni kumchosha mtoto bure. Ni kweli haidai sana, na ina historia yake. Katika miaka ya 1960 Hisabati Mpya iliingia Afrika Mashariki, warsha ya Entebbe ya mwaka wa 1962 ikiwa miongoni mwa milango yake, na pamoja nayo ikaja jiometri ya kuakisi umbo, kulizungusha na kulikuza. Mwaka wa 1981 Hisabati Mpya ilifutwa nchini Kenya. Mageuzi hayo ya maumbo yakasalia katika silabasi, ila uthibitisho wa Euclid haukurudishiwa kiti chake. Mtahiniwa wa KCSE huchora kwa rula na bikari, hutafuta pembe za duara na kuzungusha maumbo kwa matriki. Ni nadra kuambiwa athibitishe. Mitihani ya IGCSE humtaka angalau ataje sababu ya jibu lake. Lakini nimeshawaona wanafunzi wa namna zote mbili, na yule aliyezoea kuthibitisha hahitaji kukariri kanuni nane za duara: akiisahau moja huizalisha upya pembeni mwa karatasi ya mtihani.

Tahadhari iliyo muhimu zaidi kuhusu mitihani ni nyingine. Wamarekani huisoma jiometri kwa mwaka mmoja, katikati ya miaka miwili ya aljebra, na mzazi akikifunga kitabu chao hudhani mwanawe ameimaliza. Mfumo wa 8-4-4 uliisambaza katika vidato vyote vinne. Waliofanya KCPE ya mwisho mwaka wa 2023 wanatarajiwa kuifikia KCSE mwaka wa 2027, na yeyote atakayeketi pamoja nao atakutana na mambo ambayo kitabu cha Marekani hakikumwandalia, hasa longitudo na latitudo. Kwa hiyo mama yule nimemshauri achukue Jacobs kwa mwaka mzima, saa moja kila siku, yeye na bintiye wakisoma pamoja, kisha aazime kitabu cha Kidato cha Nne kwa ajili ya sura hiyo moja. Chungwa na uzi vyatosha kuianzia. Binti auzungushe uzi kiunoni mwa chungwa na kuuita Ikweta, ile inayopita Nanyuki, ambapo kila digrii moja ni maili 60 za baharini. Kisha auzungushe tena kwenye latitudo ya digrii 60, na asipewe kanuni yoyote mpaka aeleze mwenyewe ni kwa nini uzi wa pili umekuwa nusu ya ule wa kwanza.