CHETI CHA MAJI KIKO WAPI?



Umewahi kumwona mtoto akicheka huku ameziba mdomo kwa kiganja? Meno yana madoa ya kahawia, wenzake wanamwambia hapigi mswaki. Anapiga! Tatizo ni maji anayokunywa.

Visima virefu vingi vya Kajiado vina floraidi inayotoka kwenye miamba. Ikiwa kidogo haina neno, hata husaidia meno. Lakini Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na katika kaunti hii vipo visima vinavyopita hapo. Mtoto akiyanywa maji hayo miaka ile meno yake ya ukubwani yanajijenga ndani ya ufizi, madoa hayatoki tena kwa mswaki wowote. Kiwango kikizidi sana kwa miaka mingi, mifupa huumia na viungo hukakamaa.

Na usijidanganye na sufuria. Floraidi haina rangi wala harufu. Kuchemsha kunaua vijidudu tu. Floraidi inabaki, na maji yakipungua kwa mvuke inakolea zaidi. Klorini nayo haiitoi.

Sasa tuulizane: boza likija mtaani, nani amewahi kukuonyesha cheti cha kipimo? Mtume (SAW) alipita sokoni, akatia mkono kwenye rundo la nafaka, akakuta ndani imelowa. Alimkemea muuzaji kwa kuficha dosari. Maji yetu leo ni rundo lile lile, ila hakuna anayetia mkono.

Tusiambiwe hakuna suluhisho. Kule Nakuru, Dayosisi ya Katoliki imechuja floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Haki isemwe, wametutangulia. Kajiado, kaunti ya ng'ombe, inakosaje mifupa? Chujio hilo lina muda wake, lisipobadilishwa halina kazi. Na maji ya mvua, yakivunwa kwa usafi, karibu hayana floraidi. Wawekee watoto ya kunywa na kupikia.

Lakini hatuombi sadaka. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha, na huduma ya maji ni jukumu la kaunti. Tunadai kila kisima kinachouza maji kipimwe, matokeo yabandikwe pale pale watu wanapochota, kwa Kiswahili na Kimaasai. Kilichozidi kikomo kichujwe, au kiwe cha kufulia tu.

Na sisi wenyewe tusijifiche. Visima vya misikiti na madrasa navyo vipimwe, tena viwe vya kwanza. Sadaka inayoendelea isigeuke madhara yanayoendelea.

Leo hii, kabla hujajaza mtungi, muulize muuzaji: cheti kiko wapi? Akikosa jibu, kaulize ofisi ya maji ya kaunti. Usiende peke yako, nenda na majirani, Muislamu na asiye Muislamu. Kiu haina dini.