NANI MWENYE AMRI YA KUSIMAMISHA MTAMBO?



Baadhi yenu mtashangaa kuona tahariri ya chama cha wafanya kazi wa Kenya ikizungumza habari za theluji. Theluji yetu iko juu ya Mlima Kenya, nayo yazidi kupungua, na hakuna tajiri aliyetuajiri kuitunza. Lakini huko Marekani na Ulaya wako maelfu ya wafanya kazi wanaokula jasho lao katika theluji, na jambo linalowasumbua ni lile lile linalomsumbua dereva wa kreni bandarini upepo unapovuma. Je, yule anayeiona hatari kwa macho yake ana ruhusa ya kusimamisha kazi, au ni lazima angoje neno kutoka ofisini?

Kwanza tueleze kazi yenyewe. Wageni huenda milimani kuteleza juu ya theluji, wamefunga mbao ndefu miguuni. Kupanda, hawapandi kwa miguu. Hupandishwa na viti vinavyoning'inia kwenye waya mnene wa chuma, unaozunguka mchana kutwa kutoka chini hadi juu. Chini yuko mwendeshaji, na juu yuko mwingine, na kila mmoja ana kitufe cha kusimamisha mtambo. Mbali na hao wako walinzi wa mlima. Hawa huamka kabla ya mapambazuko, hasa baada ya dhoruba, wakaenda kuiangusha theluji iliyorundikana kwenye miteremko mikali. Hutupa baruti kwa mkono, na mahali pengine hupiga mizinga, ili theluji iporomoke wakati hakuna mtu chini yake. Ikiachwa ishuke yenyewe yaweza kuja kwa kasi ya gari, na ikiisha kutulia hushikamana mithili ya saruji. Aliyefukiwa hawezi hata kuinua mkono.

Msidhani basi kwamba kubonyeza kitufe ni dawa ya kila kitu. Viti vikisimama ghafla, watu hubaki wakining'inia katika baridi na upepo, labda chini ya mteremko ule ule unaoogopwa. Viti vikiendelea, vinapeleka watu zaidi huko kwenye hatari. Kwa hiyo uamuzi ulio mkubwa hasa ni ule wa asubuhi, kabla mgeni wa kwanza hajaketi: tufungue au tusifungue? Hapo ndipo fedha inapoingia mazungumzoni. Wageni wamekwisha lipa tikiti, tena kwa bei ghali. Wamepanga foleni, wanatazama saa. Dhoruba kubwa ndiyo iletayo theluji mpya, na theluji mpya ndiyo wanayoitaka wageni. Faida na hatari huwasili siku moja.

Tarehe 31 Machi 1982, huko Alpine Meadows katika jimbo la California, wakubwa wa mlima walifanya lililo sawa. Dhoruba ilikuwa imepiga siku kadhaa, nao wakafunga. Hakuna mgeni aliyekuwa kwenye viti. Hata hivyo, yapata saa kumi kasorobo alasiri, theluji ilishuka ikabomoa jengo lililokuwa kwenye kituo cha chini cha viti. Watu 7 walikufa. Meneja wa mlima mwenyewe alikufa, pamoja na baadhi ya wafanya kazi wake, na wengine walikutwa na mauti kwenye uwanja wa kuegesha magari, mmoja wao mtoto wa miaka 11. Mwendeshaji mmoja wa viti, msichana wa miaka 22, alinasa katika nafasi ndogo iliyobaki pale makabati ya nguo yalipoangukia benchi. Aliishi humo siku tano, mpaka mbwa wa waokoaji alipomnusa. Alipoteza mguu mmoja chini ya goti, na vidole vya mguu wa pili.

Baadaye shauri lilipelekwa mahakamani, na baraza la raia likaamua kuwa kampuni haikuwa na uzembe. Sisi hatupingi hukumu hiyo. Tunalotaka mwone ni hili: mgeni akifungiwa mlango huenda zake nyumbani, lakini wako wafanya kazi wanaobaki chini ya mlima, kwa kuwa ni lazima mtu aulinde mlima huo. Nani anawahesabu hao?

Tarehe 10 Januari 2024, katika bonde la jirani, Palisades Tahoe, viti viitwavyo KT-22 vilifunguliwa kwa mara ya kwanza katika msimu ule. Vilifunguliwa saa tatu asubuhi. Baada ya kama nusu saa theluji iliporomoka, na mgeni mmoja akafa. Walinzi walikuwa wamefanya kazi ya kukagua mlima tangu Jumapili iliyotangulia, na siku ile ilikuwa Jumatano. Hata watu hodari, wenye baruti na ujuzi, mlima huweza kuwashinda. Tena mnamo Februari 2025, huko Mammoth Mountain, walinzi wawili walifunikwa wakiwa katika kazi hiyo hiyo ya kuangusha theluji. Mmoja aliokoka, na mmoja alifariki kwa majeraha yake.

Basi kazi ya namna hiyo hulipwa shilingi ngapi? Huko Park City, jimbo la Utah, walinzi wapatao 200 walikuwa wakianza na dola 21 kwa saa, katika mji ambao kodi ya nyumba ni ya matajiri. Chama chao kilidai dola 23. Mazungumzo yakavunjika, na tarehe 27 Desemba 2024, wakati wa sikukuu, waliweka chini vifaa vyao. Kampuni ilileta watu wa kushika nafasi zao, lakini sehemu kubwa ya mlima ilibaki imefungwa, na wageni wakasimama katika foleni ndefu wakinung'unika. Mlima haufunguki bila mtu anayejua pa kutupa baruti. Tarehe 8 Januari 2025 walipatana: wanaoanza walipata dola 23 zao, na kwa wastani nyongeza ilikuwa dola 4 kwa saa.

Watu watasema huo ulikuwa mgomo wa mshahara tu, haukuhusu usalama. Sisi hatukubali. Mlinzi asiyeweza kulipa kodi ya nyumba huacha kazi baada ya msimu mmoja au miwili, na anayeshika nafasi yake hajui ni mteremko gani unaodanganya. Na mwendeshaji wa viti anayelipwa kwa saa, ambaye siku ya kufunga hapati kitu, mnamtaka awe wa kwanza kusema tufunge?

Hapa kwetu tunayo Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007. Kifungu cha 14 kinamtaka mfanya kazi atoe habari akiona hatari kubwa, na kinamkataza mwajiri kumrudisha mahali hapo kabla hatari haijaondolewa. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, nao wataka aliyejiondoa hatarini kwa sababu ya haki asiadhibiwe. Lakini maneno hayo hayasemi waziwazi kama saa alizosimamisha mtambo atalipwa, wala hayamtaji kwa cheo yule mwenye neno la mwisho pale kwenye kreni, kwenye boila au kwenye lifti ya jengo linalojengwa.

Kwa hiyo makatibu wa matawi wanaombwa wawaulize wanachama wao maswali mawili: katika sehemu yenu ya kazi, nani ana amri ya kusimamisha mtambo, na je, amri hiyo imeandikwa? Majibu yaletwe ofisini kabla kamati haijaketi na waajiri kuzungumzia mapatano mapya.