Nani Atashika Ufunguo wa Stesheni ya Zamani?

Mwaka 2017 treni ya abiria iliyokuwa ikipita kwenye reli ya zamani kati ya Nairobi na Mombasa ilifika mwisho wa safari zake, na mahali pake pakachukuliwa na treni ya reli mpya iliyo pana zaidi. Safari iliyokula usiku kucha, na pengine nusu ya siku ya pili juu yake, sasa ni ya saa tano au sita. Msafiri mwenye haraka hawezi kuililia ile ya kale. Lakini treni mpya haisimami kila mahali. Njiani ina stesheni zake Mariakani, Miasenyi, Voi, Mtito Andei, Kibwezi, Emali na Athi River. Makindu haimo. Sultan Hamud haimo. Mackinnon Road haimo. Miji hiyo ilikuzwa na reli, na leo abiria wa Mombasa wanapita kando yake bila kushuka.

Basi swali lililobaki si la usafiri tu, ni la utamaduni pia. Majengo yale ya zamani, mengine ya mawe, mengine ya mbao na mabati, yenye dirisha dogo la tiketi na baraza la kungojea, yatatunzwa na nani? Wapo wanaosema kazi hiyo waachiwe wananchi wajitolee wenyewe kwa moyo wa Harambee. Ni wazo jema, ila wazo jema lisilopimwa huishia kwenye hotuba. Hebu tulipime.

Watu wa kwanza duniani kuokoa reli nzima kwa kujitolea walikuwa huko Wales, Uingereza. Reli yenyewe yaitwa Talyllyn. Ilijengwa katika miaka ya 1860 kubeba mawe ya kuezekea nyumba kutoka milimani hadi mji wa Tywyn ulio pwani. Machimbo yalifungwa mwaka 1946, na mwenye mali alipofariki mwaka 1950 kila mtu alidhani reli nayo imezikwa pamoja naye. Mwandishi mmoja, Tom Rolt, akaita mkutano mjini Birmingham mwezi wa Oktoba mwaka huo huo. Kikaundwa chama, na Mei 1951 treni ikatembea tena ikiendeshwa na watu wasiodai mshahara. Walikuwa na injini moja tu iliyoweza kufanya kazi, na njia yenyewe ilikuwa imemezwa na majani. Mwaka 2021 reli hiyo iliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia, pamoja na machimbo ya eneo lile.

Tukiishia hapo tutasema, kumbe yawezekana, kinachotakiwa ni moyo tu. Sivyo. Wale watu walikuwa na mambo matatu mbali na moyo. Kwanza, mjane wa mwenye reli alikubali kuwakabidhi, kwa hiyo hawakuwa wageni waliovamia mali ya mtu. Pili, treni haikuacha kutembea, na nauli za watalii zilinunua mataruma na rangi. Tatu, wengi wao walikuwa na kazi zao kwingine. Walikuja reli siku za mapumziko, shibe yao ikitoka mahali pengine. Jambo hili la tatu lazima tulikumbuke, maana ndipo penye tofauti kubwa baina yao na sisi.

Hata hivyo hatuna haja ya kwenda Wales kutafuta mfano. Tuteremke Makindu. Mwaka 1926 Masingasinga waliofanya kazi kwenye reli walijenga hekalu lao mjini hapo. Leo, karibu miaka mia baadaye, hekalu hilo lapokea msafiri wa kila dini na kila kabila, humpa chakula bila malipo, na akichelewa humpa mahali pa kulala. Waumini hujitolea kupika, kuosha vyombo na kufagia, kwani katika dini yao kuwatumikia watu ni ibada. Tuteremke zaidi hadi Mackinnon Road. Hapo kando ya reli pana msikiti wenye kaburi la Seyyid Baghali Shah, ambaye husimuliwa kwamba alipokuwa akifanya kazi ya reli karai la mzigo wake lilikuwa likielea juu ya kichwa chake. Wasafiri wengi wa barabara ya Mombasa husimama hapo wakaomba dua na kutoa sadaka kabla ya kuendelea na safari.

Sasa angalia, ndugu msomaji. Hekalu, msikiti na stesheni vyote vimeletwa na reli moja. Tofauti yao ni kwamba stesheni ilitunzwa kwa amri. Mkuu wa stesheni aliagiza, vibarua wakafagia, na mwisho wa mwezi mshahara ukaja. Siku mshahara ulipoondoka, wajibu nao uliondoka. Hekalu na msikiti vilitunzwa na watu waliojua kwamba mahali pale ni pao, na waliokuwa na sababu ya kurudi kesho.

Hapa mtu atauliza, na ana haki ya kuuliza: stesheni hizi ni zetu kweli? Si alizijenga mkoloni? Reli ilianzishwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901, ili kuitumikia himaya ya Waingereza. Wafanyakazi zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, na karibu 2,500 kati yao walifia kazini. Wanandi waliipinga kwa miaka, hata kiongozi wao Koitalel arap Samoei akauawa mwaka 1905. Katika vyumba vya kungojea abiria walitengwa kwa daraja, na daraja zilifuata rangi ya ngozi.

Yote hayo ni kweli, na ndiyo sababu ya kuyatunza majengo. Atakayetaka kumwonyesha mjukuu wake ubaguzi ulivyokuwa atampeleka wapi, ikiwa ukuta uliotenga abiria umeng'olewa mawe? Tena historia ya stesheni si ya bwana mkubwa peke yake. Wafanyakazi wa reli walikuwamo katika mgomo mkuu wa Mombasa wa mwaka 1947, na wazee wengi waliosomesha watoto wao kwa mshahara wa reli walistaafu bila habari zao kuandikwa popote. Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971, yanahifadhi injini na mabehewa, likiwemo behewa ambamo simba alimwua afisa wa polisi Charles Ryall huko Kima mwaka 1900. Lakini behewa huvutwa likapelekwa Nairobi. Stesheni haivutwi. Itatunzwa pale pale ilipo au itapotea.

Kinachozuia ni nini? Si uvivu wa wananchi. Nchi iliyojenga shule na zahanati kwa Harambee haiwezi kushindwa kufyeka majani na kupaka chokaa. Kinachozuia ni ufunguo. Majengo na ardhi ya reli ni mali ya shirika, na raia akiingia na fyekeo bila kibali, hata kwa nia njema, ni mvamizi tu. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inampa waziri uwezo wa kulitangaza jengo kuwa la kumbukumbu, na tangazo hilo hulikinga lisibomolewe ovyo. Lakini tangazo halizibi paa linalovuja. Panatakiwa mkataba wa maandishi kati ya shirika na wenyeji, unaosema nani ana ufunguo, nani atajibu kitu kikiharibika, na mapato yakipatikana yataingia mfuko gani.

Mkataba huo uwe wa haki. Kijana asiye na kazi asiambiwe alinde jengo usiku kwa uzalendo. Huko si kujitolea, ni kumnyang'anya jasho lake. Mlinzi na fundi wa paa walipwe. Wanaoweza kujitolea ni wale wenye shibe na nafasi: wastaafu wa reli, ambao wanajua kila chombo na jina lake, walimu na wanafunzi wao siku za Jumamosi, na waumini wa miji hiyo waliokwisha zoea kazi hii. Nalo jengo lipewe shughuli, iwe maktaba, duka la kazi za mikono au chumba cha masomo, kwa maana nyumba isiyo na watu mchwa huikaribisha.

Tena asiseme mtu kwamba reli ya zamani haitahitajika kamwe. Treni ya Nanyuki ilirudishwa mwaka 2020, na ile ya Kisumu mwezi wa Desemba 2021, zote kwenye reli ile ile ya zamani iliyodhaniwa imekufa.

Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ianzwe stesheni moja tu, na mimi ningechagua Makindu, kwa kuwa pale watu wana karne nzima ya mazoea ya kumtumikia msafiri wasiyemjua. Wenyeji wapewe ufunguo na daftari la kuandika kila kilichomo, kisha baada ya mwaka mmoja twende tukahesabu. Moyo wa kujitolea haujatutoka. Hatujaukabidhi mlango tu.